Nassibu na neno "mine"

Zuwena, Nassibu katuaibisha Buseresere nzima! Eti mkalimani!

Mgeni Mzungu kafika shambani kwa Mama Tarsisi, yule mwalimu mstaafu. Kaona shimo, kauliza, "Old mine?" Nassibu akatangaza: "Anasema shimo ni lake tangu zamani!"

LAKE! Shamba la marehemu mume wa Mama! Watu wakashika majembe.

Mama akasogea karibu. "Mwambie arudie." Akasikiliza, kisha akamgeukia Nassibu: "'Mine' ni yangu, na ni mgodi vilevile. Hiyo ya mgodi Waingereza waliitoa kwa Wafaransa. Anauliza kama huu ni mgodi wa zamani!"

Nassibu bila haya: "Nilikuwa nawapima." ANATUPIMA!

Mgeni akauliza mwenye shamba ni nani. Nassibu kafungua mdomo tena. Mama akamwambia, "Kaa chini," akajibu mwenyewe kwa Kiingereza.