Nilifuta Alama ya Mke Wangu

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla sijaivunja ndoa kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni fundi magari, mke wangu ni muuguzi, na gari letu, lile la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, lilikuwa linagonga ko-ko-ko chini kila ukibadilisha gia, naye akaniambia, nami nikamjibu "kesho, mama watoto," na kesho hiyo ikafika miezi minne, maana nikitoka gereji sitaki tena kuona spana. Jumamosi moja narudi mchana nakuta gari limepandishwa kwenye stendi uani, magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa mawe, na uvunguni mna miguu ya watu wawili, mke wangu na dereva wa ambulansi wa kazini kwao wanayemwita Mrefu, na wanacheka. Wanacheka, mshauri! Mke wangu akatoka uso umejaa grisi. "Baba watoto, njoo uone! Krosi imekwisha, tunashusha propela, nati zote nne nimezifungua mimi!" Akanionyesha alama ya chaki aliyochora kwenye hiyo propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, na kwenye difu inayozungusha magurudumu, ili wakirudisha vikutane vilevile, tena mdomo wa giaboksi ameshaufunga kwa mfuko oili isimwagike. Gerejini kwangu sijaona mwanafunzi anayefanya kazi safi hivyo. Nikasema "haya" nikaingia ndani.

Walipokwenda kununua krosi mpya, kile kiungo cha shafti, nilichukua kitambaa chenye petroli, nikaifuta ile alama ya kwenye difu, nikachora nyingine upande wa pili. Jioni wakafunga. Gari likatetemeka kuliko mwanzo, Mrefu akaomba radhi mpaka nikaona aibu, lakini nikanyamaza. Jumatatu mke wangu alimpeleka mama yake kliniki na gari hilohilo, mama mkwe akashuka anasema meno yalikuwa yanagongana. Ndipo nikaingia chini, nikaifungua shafti, nikaigeuza nusu mzunguko, gari likatulia. Mke wangu akasema polepole, "Nilikuwa najidanganya. Kazi za watu niwaachie wenyewe." Tangu hapo hagusi gari, na Mrefu hamtaji. Nimepata nilichotaka, mbona sina raha? Nimwambie, au ninyamaze maadamu nyumba imetulia?

Fundi mwenye wivu

JIBU

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, kwa sababu kumkuta mkeo anacheka na mwanamume mwingine uani kwako kunauma. Mara ya pili nikakasirika. Barua nzima hujataja hata baya moja alilofanya Mrefu! Umetaja nati nne, chaki na mfuko. Kilichokuchoma ni kwamba mkeo ameweza, tena bila wewe. Na wa kwanza kuitwa aje kuona ni wewe. Mke mwenye la kuficha hatoki uvunguni anaita "baba watoto."

Halafu wewe ni fundi, usijifanye hujui shafti isiyokaa sawa ikizunguka kwa kasi inaweza kufanya nini. Ukamwacha ampandishe mama yake humo. Kwa hilo sina maneno matamu ya kukupa.

Mwambie leo, watoto wakiwa shuleni. Usianze na "nilikuwa na wivu," anza na "nilifuta." Atawaka, mwache awake. Akienda kwa mama yake siku mbili tatu, usitume ndugu wakuombee. Nenda mwenyewe, na mama mkwe naye umwambie usoni. Kisha mfuate Mrefu kazini kwake, useme mbele ya wenzake kwamba hakukosea.

Na siku mkeo akitaka tena kushika spana, kaa pembeni, mpe anachokuomba, ufunge mdomo. Asipotaka kushika tena maishani mwake, usimbembeleze ili dhamiri yako ipate kupumua.