Ngozi za Dagoretti

Waithaka

Mjukuu wangu Wairimu,

Barua yako tumeisoma mara mbili. Bibi yako, Cucu, anakusalimu. Goti lake limepata nafuu na amerudi kwenye mboga zake.

Umeuliza, kwa ajili ya somo lako, kama kodi ya bidhaa zinazouzwa nje inaweza kumsaidia mwananchi. Nitakuambia niliyoyaona.

Miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa nikinunua ngozi mbichi kwenye vichinjio vya Dagoretti, nazitia chumvi, kisha namuuzia mfanyabiashara wa mjini aliyezipeleka ng'ambo. Serikali ikapandisha kodi ya ngozi mbichi zinazotoka nchini. Yule bwana akaniambia, "Mzee, sichukui tena." Stoo yangu ilikuwa imejaa. Nilikasirika sana.

Nikazipeleka kwenye kiwanda cha ngozi. Mama aliyekuwa akipokea akazikunjua, akanirudishia nusu.

"Zimekatwakatwa na kisu," akasema. "Waambie wachunaji waende polepole."

Kisha akanionyesha kipande cheusi, laini kama shuka. Nikamuuliza kimetoka nchi gani.

"Kwenu Dagoretti," akasema.

Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kuona ngozi yetu ikiwa tayari kushonwa. Nilikishika kile kipande muda mrefu.

Tangu hapo nikawa namuuzia yeye. Lakini rafiki yangu Kamande, tuliyeanza naye kazi, hakupata mnunuzi, hata pale kiwandani. Aliacha biashara akarudi kulima. Kodi ilikuwa ile ile moja.

Kwa hiyo mwalimu akikwambia sera fulani ni nzuri, muulize kwa upole Kamande alienda wapi.

Ni mimi Guka wako