Ulikuwa Sultan Hamud Tu

Baba Mwende,

Jana nilirudi kutoka Sultan Hamud kuchukua vitu vyako, na tangu nirudi sijamwambia mtu niliyoyakuta huko. Nimeona nikuandikie wewe, maana kesi hii ni yako.

Kwanza habari za hapa. Kaburi lako limebonyea upande mmoja, nimemwambia Mwende na mume wake waje waongeze udongo. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mbaazi zimetoa maua. Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walinilimia shamba lote asubuhi moja, na hata chai hawakungoja. Walisema mjane wa mtu wa barabara ni wa Matinyani nzima. Mtu wa barabara! Ndivyo wanavyokuita mpaka leo.

Sasa sikiliza. Mama Wanjiru, yule mwenye ploti ulipopanga chumba, nilichodhani ni cha kulala usiku wa safari tu, alinipokea vizuri. Alinipa pole, akanipa kiti, halafu akasema, "Mzee alikuwa mtu wa nyumbani sana." Nikacheka. Nikamwambia huyu mtu maisha yake yaliishia ndani ya lori, Mombasa na Malaba, Malaba na Mombasa. Akaniangalia vile mtu anaangalia mgonjwa. "Lori gani, mama? Hiyo iliuzwa na tajiri wake wakati huyu wangu wa mwisho alikuwa bado tumboni." Na huyo wa mwisho alikuwa ndiyo anaingia, ametoka shule na yunifomu yake.

Baba Mwende, mtoto anaenda shule.

Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unapima mahindi na maharagwe katika duka la nafaka, jioni unafunga, unaingia chumbani kwako. Ni safari ya asubuhi tu kutoka hapa. Na kila ulipokuja nyumbani ulinihadithia barabara. Ndovu wamelala njiani Mtito, mvua imekata daraja huko Voi, umekaa hapo siku mbili unakula mkate mkavu. Mimi nilikuwa nazibeba hadithi hizo mpaka mtoni kuwasimulia wenzangu. Hata nazi ulikuwa unaniletea. Mama Wanjiru amenionyesha mahali ulikuwa unazinunua, pale stendi.

Nisikufiche, nilimtafuta mwanamke. Niliinua godoro, nikanusa blanketi, nikaangalia nyuma ya mlango kama kuna leso. Shemeji Kioko, niliyekwenda naye, alikuwa nje anakohoa kwa aibu. Ningempata huyo mwanamke ningejua la kufanya. Ningepiga nduru, watu wangenishika, ningelia, na mambo yangeisha. Lakini nilipata kitanda cha mtu mmoja, sahani moja, redio, na kinu na mchi wake.

Kinu, Baba Mwende. Nilikaa chini nikakiangalia. Wanasema hakuna mwanamke wa ploti ile aliyetwanga mahindi yakatoka maganda kama wewe, na kwamba muthokoi yako ya mahindi na maharagwe majirani waliijia na sahani zao. Hapa nyumbani ulikuwa ukinipita nikitwanga juani, unaniambia, "Mwaitu, mama yangu, hii mikono yangu ni ya stelingi ya lori." Na tena wanasema kuna nyanya wa chumba cha mwisho, mguu wake mbaya, na kila asubuhi ulimchotea maji kabla hujaenda kazini. Nani alinichotea mimi? Kiangazi kile nilipofukua mchanga mtoni nikitafuta maji mpaka kiuno kikakataa kunyooka, nikarudi nyumbani nimeshikwa huku na huku, niliwakataza watoto wasikulaumu. Niliwaambia baba yenu yuko mbali, hata akisikia hawezi kufika.

Ungefika kabla chai haijapoa.

Lakini kinachonichoma zaidi ni hiki. Mama yako, siku nimeolewa, alinifundisha kwamba mtu wako akiondoka nyumba haifagiwi mpaka kesho yake, usije ukamfagilia njia akashindwa kurudi. Mimi nimeokoka, mchungaji alisema mambo hayo ni ya zamani, lakini hilo moja nililishika. Kila ulipoondoka nililala na takataka zangu. Na Jumapili nilisimama kanisani nikasema, "Mnisaidie kumwombea msafiri wangu." Wakafumba macho, wazee kwa watoto, wakamwomba Mungu ashike breki zako pale Mtito. Miaka na miaka. Nawe pengine saa hiyo ulikuwa umekaa mlangoni Sultan Hamud, redio sikioni, muthokoi motoni.

Nilimuuliza Mama Wanjiru kama uliwahi kusema sababu. Akasema siku moja ulimwambia, "Nyumbani nikifika kila mtu ananiangalia mikono. Hapa hakuna wa kuniangalia mikono."

Nimelifikiria neno hilo njia nzima. Ni kweli, watoto walikuangalia mikono umeleta nini, na ndugu zako, na hata watu wa kanisa walipojenga. Pengine ulichoka, na mtu akichoka ana haki ya kukaa. Lakini mimi? Mimi nilikuwa naangalia miguu yako kama imevimba, ndiyo maana nilikuwekea maji ya moto kabla hujaomba. Ungeniambia lori limeuzwa, ningesema karibu nyumbani. Ningekupa kinu. Ulinikosea, Baba Mwende, na umekufa nikiwa bado nakupikia chai ya msafiri.

Jumapili hii mchungaji anataka nisimame nitoe ushuhuda, niwashukuru waliokuombea barabarani. Shemeji ananiambia, "Funika, mama, marehemu hasemwi." Mwende hajui kitu. Nimekuwa nikikutetea tangu nikiwa msichana, na mdomo wangu ulikuwa umeshazoea, hata jana nilikuwa nimeanza kutunga la kusema ili kukufunika.

Sitalisema. Nakuahidi hivi: leo jioni nitamwambia Mwende kwanza, ili asisikie kwa watu. Jumapili nitasimama nivae lile gauni ulilonipa, niwaambie maombi yao yalisikika, kwamba msafiri wangu alifika salama siku nyingi zilizopita, akakaa Sultan Hamud, akawa mtu mwema kwa majirani, na hakuniambia. Halafu nitakaa. Sitakutukana, na sitakufunika.

Kinu chako nimekuja nacho. Ni kizuri kuliko changu, nitakitumia.

Basi nenda, Baba Mwende. Mungu akupokee, na huko usimdanganye mtu. Nimekusindikiza na machozi yote niliyokuwa nayo, na hii kalamu nikiiweka chini nachukua ufagio. Leo sitangoja kesho.

Mimi,
Mama Mwende