Salamu kwa Bwana Harusi

Jumanne, 1 Julai 2025

Leo bendi haipigi. Wageni wa hoteli kule Uroa wametaka dijei. Sawa. Nimebaki nyumbani na gitaa langu.

Nimetundika mablanketi ukutani, na godoro la wageni nimelisimamisha dirishani. Kuta zetu za mawe ni nene, lakini mlango wa roshani haufungi vizuri, na mtaa huu wa Malindi, hapa mjini Unguja, hauna utulivu — malori ya bandarini, honi za boti, muuza kahawa anagonganisha vikombe. Vyote vinaingia kwenye maiki.

Amplifaya yetu ni ya zamani, ya zile taa za kioo zinazokuza sauti. Unaiwasha, unaiacha ipate moto, ndipo unapiga. Abdulwahid aliipata kwa mzee mmoja wa bendi kule Dar, imeshakufa, akaifufua mwenyewe juu ya meza yetu ya chakula. Mie nnajua kuipiga, mume wangu anajua kuitibu. Ndoa yetu ndiyo hiyo.

Nataka nirekodi ule wimbo wangu usio na maneno. Naupiga hotelini kila mara watu wakila, vijiko vinalia juu yake. Nataka mara moja niusikie peke yake.

Abdulwahid yuko Fumba, anatia umeme kwenye nyumba mpya. Siku za kazi hulala huko huko. Nimempigia nimwambie naanza. Akasema nisiisogeze maiki mpaka aje.

Nimeisogeza.

Alhamisi, 3 Julai

Leo imekubali! Maiki nimeitoa katikati ya spika, nikaipeleka pembeni kidogo tu, na ule ukali wote ukaondoka. Ikabaki sauti nzito, ya uvuguvugu — kama mtu aliyeamka sasa hivi, hajasema na yeyote. Nikapiga sehemu ya kwanza yote bila kukosea. Vidole vyenyewe vilikuwa vinajua njia.

Nimemaliza tu, Silima kaja. Mdogo wake Abdulwahid. Katumwa kanzu nyeupe ya kaka yake, ile yenye darizi, na kofia. Anasema kesho kuna harusi Fumba, baada ya sala ya Ijumaa. Kanzu ilikuwa na mikunjo. Nikamwambia asubiri, nikaipiga pasi hapo hapo chumbani, nikaifukiza udi. Nikaikunja taratibu isiharibike njiani.

Silima alikuwa na haraka. Chai nimemtilia, hakuigusa.

Ijumaa, 4 Julai

Abdulwahid hapokei simu. Yumo harusini, bila shaka.

Nimejaribu sehemu ya pili ya wimbo. Haijatulia. Umeme mdogo leo, amplifaya inavuma kama ina nyuki ndani.

Jumamosi, 5 Julai

Abdulwahid kaoa.

Jana. Ile harusi ni yake.

Bi Mwanapili wa chini ndiye aliyeniambia. Alipanda ngazi polepole na magoti yake yale. Kaniuliza kwanza kama nimekula. Nikasema nshakula. Akasema basi kaa. Binti yake anakaa Fumba, alikuwepo kwenye nikaha. Mwanamke anaitwa Wanu, ana duka la vitambaa. Bi Mwanapili alidhani nnajua. Kaniapia hivyo, kisha kaniapia tena.

Kanzu nimeipiga pasi mie.

Jumapili, 6 Julai

Sikupika. Sikupiga. Nimelala na nguo za jana.

Jumatatu, 7 Julai

Nimefungua kompyuta nifute kila kitu. Kabla ya kufuta nikasema nisikilize mara ya mwisho.

Kumbe Alhamisi sikuzima.

Wimbo unakwisha, halafu kunabaki chumba kitupu, na sauti ndogo sana kwa mbali. Nikapandisha. Ni mie. Nnazungumza na Silima, huku pasi inafoka mvuke. Nauliza nani anaoa huko Fumba. Silima anasema mtu mmoja tu wa kazini. Namuuliza kama bibi harusi mzuri. Anasema hajui.

Halafu nnacheka. Na sauti yangu inasema, kwa furaha kabisa: “Basi nipelekee salamu kwa bwana harusi. Mwambie Mungu amtie raha na mkewe.”

Mlango unasikika ukifungwa. Halafu mie tena, nnaimba imba nikitoa vikombe.

Sikufuta. Nilikaa tu namsikiliza yule mwanamke anayetoa vikombe. Nilimwonea huruma kama si mie.

Jumatano, 9 Julai

Abdulwahid kaja asubuhi. Kaleta samaki wawili wakubwa, changu, kawaweka jikoni kama kawaida, kanawa mikono. Halafu akasimama hapo, hajui aende wapi ndani ya nyumba yake.

Kasema alitaka kuniambia, kila siku alisema kesho. Kasema sheria inamruhusu. Najua. Kasema atagawa siku sawa, hatonionea hata siku moja. Nikamwacha amalize yote. Halafu nikamuuliza kwa nini.

Nilijitayarisha. Angesema watoto, ningekuwa na la kujibu. Daktari alimwambia yeye pia akapimwe, na hakwenda. Angesema mama yake kamshikilia, ningekuwa na la kujibu.

“Nimempenda,” akasema.



Akasema na mie ananipenda. Alilisema kwa ukweli wake, nnamjua anavyosema uongo na anavyosema kweli. Hilo ndilo lililonikata zaidi. Angenidanganya ningepata pa kushika.

Sikutaka kugombana. Nikampeleka mezani, nikamvisha hedifoni, nikamchezea rekodi ya Alhamisi. Mwanzo alikuwa anatikisa kichwa kwa kazi nzuri ya gitaa — ndivyo alivyo, hata siku kama hii. Halafu kichwa kikasimama. Nikaona anapofika. Aliinamia meza. Ilipokwisha hakuzivua, alibaki nazo masikioni na hamna kitu ndani.

“Silima sikumtuma kwako,” akasema. “Nilimwambia aichukue kanzu kabatini tu.”

“Niliifukiza udi, Abdulwahid.”

Akalia. Mie sikulia. Nililia Jumamosi na Jumapili, leo machozi yalikuwa yamekauka.

Kabla ya kuondoka kachukua sanduku lake la vifaa, kazi inamngoja. Mlangoni akasema ataanza na Jumanne, Jumanne atalala kwangu. Nikamwambia katika nyumba hii hakuna Jumanne.

Samaki nimempelekea Bi Mwanapili.

Ijumaa, 11 Julai

Uroa, hotelini. Tumepiga. Nikafika kwenye wimbo wangu, nikaruka, nikawapa wimbo mwengine. Mpiga ngoma kanitazama. Nikamwambia nimeusahau.

Nilipita kwa mama kabla ya kurudi mjini. Alikuwa kesha kusikia. Akanipakulia chakula, akasema wanaume ndio hao hao, nikae kwenye nyumba yangu, nisimwachie mtu nafasi. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayesema mambo yake mwenyewe. Baba alikuwa na wake wawili. Sikumkumbusha. Nilikula nikamaliza sahani, maana alikuwa ananitazama mkono.

Jumapili, 13 Julai

Leo nimerudi kwenye amplifaya. Sikutaka upole. Nimeipandisha mpaka pale ambapo zile taa zinazidiwa, sauti inaanza kupasuka pembeni, gitaa halilii tena — linanguruma. Abdulwahid hapendi nifike huko, anasema naichosha. Nikafika.

Sehemu ya pili imekuja yenyewe. Si ile niliyokuwa nikiipiga hotelini. Ile ilikuwa inapanda juu na kufurahi. Hii ilipofika pa kupanda ikakataa, ikashuka, ikazunguka chini chini kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Nikaifuata.

Nilipotua kuvuta pumzi nikasikia mtu anakohoa. Bi Mwanapili, kakaa ngazini nje ya mlango wangu, buibui lake kalikusanya mapajani. Nikamwomba radhi kwa kelele. Akasema yeye mumewe alipooa mke wa pili, alililia ndani ya mto miaka, hakusikia mtu, na hakuna aliyemwomba radhi kwa ukimya ule. Akaniambia niendelee.

Nikaendelea. Na katikati kukatoka mwako wa buluu nyuma ya amplifaya, harufu ya kuungua, na kimya. Taa moja kubwa imekuwa nyeupe ndani, kama jicho la samaki aliyepikwa.

Wimbo haujakwisha. Umebaki mwisho wake tu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeibeba mpaka Darajani kwa fundi. Kaifungua, kaipuliza vumbi, kaita wenzake waje waone. Hivi vioo hapa havipo, kasema, labda uagizie nje ungoje. Akaniuliza nani alikuwa akiitengeneza siku zote. Nikasema mume wangu.

Akacheka. “Sasa tabu iko wapi, dada?”

Nimejaribu kumalizia kwa amplifaya ndogo ya hotelini, ile ya kisasa. Sauti safi, haina kosa lolote. Haina mtu ndani. Ukiiunga na ile ya jana unasikia kabisa pale ambapo mwanamke mmoja katoka chumbani kaingia mwengine.

Taa za akiba zimo kwenye sanduku lake. Sanduku liko Fumba.

Magazeti ya kuifungia amplifaya niiweke mbali nimeyatoa, nimeyarudisha. Nilifikiri niuache wimbo bila mwisho. Nimeshindwa. Ni kitu pekee ndani ya nyumba hii nilichokianza mwenyewe.

Nimempelekea meseji: Amplifaya imekufa. Njoo uitazame.

Kajibu hapo hapo. Kesho, In shaa Allah.

Kesho ni Jumanne. Nimeliona hilo meseji nishaituma.

Jumanne, 15 Julai

Kaja baada ya alasiri. Mkono mmoja sanduku la vifaa, mkono mwengine mkoba wa nguo.

Mkoba sikuuuliza. Yeye kauweka chini ya msumari wa makoti na kwenda moja kwa moja kwenye amplifaya. Kaitoa taa iliyokufa kwa kitambaa, kaitazama kwenye mwanga, akasema nimeizidishia. Nikasema ndiyo. Katia mpya, kawasha, tukakaa sakafuni wote wawili kungoja ipate moto. Ndivyo tulivyokuwa tukikaa. Magoti yake yalikuwa karibu na yangu, nikayasogeza yangu, halafu nikahisi baridi.

Kaniuliza wimbo umefika wapi. Nikamsikilizisha sehemu ya pili. Alifumba macho. Pale unapokataa kupanda aliuma mdomo. Hakusema ni mzuri. Akainuka, akaigusa maiki, akaisogeza kwa ncha ya kidole, sijui upana wa punje ya mchele.

“Piga.”

Nikapiga. Na Mungu wangu — sauti ile. Sijawahi kuipata, si kwa mablanketi, si kwa kuhangaika kwangu kote. Nilitamani iwe mbaya. Nilitamani nimwambie chukua vitu vyako, naweza mwenyewe. Ilikuwa nzuri mpaka nikaona aibu.

“Hapo,” akasema. “Usiondoke hapo.”

Sijui alikuwa anasema na maiki au na mie.

Nimefika karibu na mwisho, magharibi ikaadhiniwa. Tukaacha kurekodi, maiki haichagui, hata adhana inaingia. Kaenda msikitini. Kasema akirudi tutamaliza.

Nimesali. Naandika huku amplifaya inanguruma pole pole pembeni yangu. Mkoba uko chini ya msumari. Nimeutoa nje ya mlango. Nimeuona pale ngazini peke yake, nimeurudisha ndani. Nikimwambia alale, Bi Mwanapili atajua, mama atafurahi, Wanu atahesabu siku zake na mie zangu, na kila wiki nitakuwa nasikiliza ngazi. Nikimwambia aende, nani ataisogeza maiki? Nacheka mwenyewe kuandika hili. Si maiki.

Wimbo bado haujui utue wapi. Na mie ndiye niliyeutunga.

Nnamsikia anarudi. Anapita chini, anamwamkia Bi Mwanapili. Shikamoo yake imesikika mpaka huku. Marahaba haijaja. Kasimama. Kaamkia tena. Sasa anapanda.

Kafika.

Ana funguo. Tangu tuhamie hapa hajawahi kufanya jengine ila kufungua na kuingia, anaita jina langu kabla hajavua viatu. Nnaona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Hakitikisiki.

“Hodi,” anasema.

Gitaa liko mapajani. Sijaitika.

“Nasima. Hodi.”