Mchungwa wa Marehemu Mama

Chuo cha Kilimo,
Agosti, 1974

Kwa Mzazi wangu Mheshimiwa, Mzee Athanas, Ushirombo.

Nakuamkia kwa unyenyekevu, Baba, shikamoo. Mimi ni mzima, na bustani yetu tunainywesha kwa ndoo.

Barua yako imenijulisha kwamba mtahamia kijiji kipya kabla ya mvua, kwamba nyumba itabomolewa, na mchungwa alioupanda marehemu Mama utabaki pale pamoja na kaburi lake. Umeniahidi mbegu zake.

Naomba kwa heshima, usitume mbegu. Hapa nimeshuhudia jambo ambalo hata sasa linanistaajabisha. Mwalimu alituamuru tuchanje gome la mlimau mchanga, tupachike humo jicho la mchungwa, yaani kile kichipukizi cha tawini, lisilozidi ukucha, kisha tulifunge kwa ukanda wa nailoni. Mwenzangu Ghati alinicheka: "Bwana Gelasius, bandeji umeshamfunga, sasa mpe na aspirini!"

Leo asubuhi nimeufungua ukanda ule. Jicho limechipua, kijani kibichi, juu ya mti usio wake. Ghati alivua kofia kama yuko kanisani.

Mwalimu anasema mbegu huleta mtoto wa mti, bali jicho huleta mti wenyewe.

Kwa hiyo nakusihi, Baba, kabla hamjaondoka, ukate katika mchungwa huo vijiti vichache vyenye macho, vyembamba kama kalamu ya risasi, uvifunge katika gunia lililoloweshwa, uvitie kikapuni, umkabidhi Donatus wa basi aniletee. Kaburi hatuwezi kulihamisha. Mchungwa wa Mama unaenea ndani ya kikapu.

Ni mimi mwanao mtiifu, ninayekingoja kikapu hicho stendi,
Gelasius Athanas