Usukani Wenye Nyufa na Mzee wa Fort Worth

Euless, Texas
Oktoba 2018

Baba Eliya, mume wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mkeo. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa hiyo ukikuta herufi zimelala usianze kucheka na hao wenzako wa karakana. Darasa la nne langu ndilo hili. Mguu unaendeleaje? Unajipaka ile dawa, au umeiweka juu ya kabati mpaka nirudi nikupake mimi? Jibu nalijua. Jipake. Sisi huku wazima. Mwanao anapakia mizigo uwanja wa ndege, na Anna mjukuu wako amerefuka, sasa namgombeza huku nimeinua kidevu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Nikimnyima chapati, Kiswahili kinarudi.

Sasa nikupe habari yenyewe, na uipate kwangu kabla Eliya hajakupigia simu akaipotosha.

Mwanao ana ugonjwa wa sukani za magari ya zamani. Huku kuna wazee wametunza magari ya Kimarekani ya ujana wao, yale ambayo injini ikiwaka vikombe vinatikisika kabatini, na wanataka kila kitu kiwe kilekile yalichotoka nacho kiwandani. Basi Eliya siku zake za mapumziko anazunguka kwenye viwanja vya magari mabovu, anachokora, anarudi na usukani, anaugeuza, anaumulika kwa tochi, anasoma vinamba vya nyuma hata mende hawezi kuvisoma. Duka hana, anafanyia kwenye meza yetu ya kulia. Alicho nacho ni jina tu: akisema orijino, wazee wote wa Dallas na Fort Worth wanajua ni orijino.

Mwezi uliopita akapata usukani ambao mzee mmoja wa Fort Worth ameutafuta miaka. Mimi namwita Mzee Kofia, maana havui kofia hata ndani ya nyumba ya watu. Mezani pakawa na sukani mbili zinazofanana. Eliya akaniambia, "Mama, Jumamosi niko kazini. Mzee akija, mpe huu wenye nyufa. Huo mwingine ni feki, usiuguse."

Nikasema sawa. Jumamosi nikavaa miwani nikajitazamia mwenyewe. Ule wenye nyufa nikaukwaruza kwa kucha: plastiki, imechorwa mistari ya mbao kumdanganya mtu. Nikaunusa, haunuki kitu. Ule mwingine mti mtupu, mzito, umepigwa msasa na fundi anayejua kazi, unanuka kama karakana yako siku ukipasua mninga. Baba Eliya, nimekuwa mke wa seremala miaka arobaini. Nikasema mtoto ametapeliwa na sisi tunanyamaza. Tena tangu lini nyumbani kwetu mgeni akapewa kitu chenye ufa? Hata kikombe chenye ufa tunakificha.

Nikaufunga ule mzuri kwenye kitenge, mafundo manne, kama tunavyomfungia mgeni chakula cha njiani. Mzee akaja, akaupokea, akashukuru, akaondoka. Hakufungua. Kwa jina la Eliya angeufungulia nini?

Ule wa nyufa nikampa jirani wa juu, Mama Furaha, Mkongo wa Uvira. Wenye nyumba hizi hawataki kamba za nguo, naye alikuwa analalamika hana pa kuanika soksi.

Jioni Eliya akarudi. "Mzee alikuja?"

"Alikuja. Nimempa ule mzuri."

Akakaa chini bila kuvua viatu. Ndipo akanieleza kwamba miaka ile kiwanda chenyewe kilitengeneza usukani huo kwa plastiki iliyochorwa kama mbao, na kwamba baada ya miaka hamsini sukani zote hizo hupasuka palepale karibu na mikono ya katikati, ndiyo alama mojawapo ya kuutambua. Ule wa mti ameutengeneza mtu mwingine juzi juzi.

"Kwa hiyo plastiki ndiyo ya kweli?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mti ndio feki?"

"Ndiyo, Mama."

"Watu hawa walilelewa na nani?"

Kabla hajanijibu, vikombe vikatikisika. Mzee Kofia alikuwa mlangoni, kitenge changu kwapani, uso mwekundu. Akasema maneno, Anna akatafsiri: "Anasema alikuwa anamwamini Baba."

"Alikuwa?"

"Ndiyo, Bibi. Alikuwa."

Eliya akaanza kumwambia mzee, Anna akinitafsiria, kwamba kosa ni la Eliya mwenyewe, ndiye aliyezichanganya. Mwanao anasema uongo mbele yangu ili kunifichia aibu. Nikasimama. Nikamwambia Anna amweleze mzee kwamba mwanangu aliagiza vizuri, mimi ndiye niliyekaidi, kwamba mume wangu ni seremala na mti naujua, lakini plastiki yao siijui, na kwamba akitaka kumkasirikia mtu anikasirikie mimi, Eliya amwache. Anna akasema maneno manne.

"Mimi nimesema mpaka koo limekauka. Wewe umesema nini?"

"Nimesema ni kosa la Bibi."

Mzee akauliza usukani uko wapi. Nikamtoa nje, nikamwonyesha juu. Ulikuwa unaning'inia kwenye kibaraza cha Mama Furaha, umebanwa soksi kuzunguka pande zote, na bukta ya mumewe katikati. Hapo ndipo mzee alipovua kofia.

Tukapanda, nikamwomba Mama Furaha aurudishe, akakataa. "Apana, mama. Ulinipatia wewe mwenyewe, haukunikopesha. Soksi za batoto nitaanika wapi?"

Nikafungua kitenge. "Nakupa huu wa mti, mkubwa wake."

Akaupokea, akaugonga kwa kidole. "Ni mbao ya kweli?"

"Ya kweli kabisa."

"Basi iko bien." Akahamisha soksi moja moja, hana haraka, mzee anamsubiri.

Eliya akaumulika kwa tochi, mzee akainama, vichwa vyao vikagusana wakisoma vile vinamba. Mzee akapitisha kidole kwenye ufa, akasema neno. Anna akanong'ona, "Anasema ni wenyewe." Kisha nikamwona anamshika Eliya bega.

Alipoondoka nikamwambia mwanao, nisamehe. Tangu nimzae sijawahi kumwambia. Akasema, "Mama, rudia, sikusikia vizuri." Nikamwambia akanawe mikono, ugali unapoa.

Jumamosi iliyofuata Mzee Kofia akarudi na rafiki yake, naye ameleta usukani aliouziwa Houston. Hawakumngoja Eliya. Wakanipa mimi ninuse. Nikanusa. Mti. Nikatikisa kichwa, na yule bwana akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyepata msiba. Nikampa chai.

Nisalimie dada yako, mlinzi wa kila jambo lisilomhusu. Shemeji yangu mpiga kengele wa kanisa. Mjomba Daudi mfuga nyuki. Na mkwe wetu wa Babati, umwambie mtoto avikwe sweta. Nawaombea nyote afya.

Hiyo habari ya kuomba msamaha usimsomee mtu. Hapo ukifika, kohoa, ruka mstari.

Mimi mkeo,
Mama Eliya