Diimtu Amefuata Gitaa

Isiolo, Jumapili jioni, 1985

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye chai. Nina wivu. Naandika neno hilo kwanza ili lisinisumbue huko mbele.

Guyo, mdogo wa marehemu mume wangu Halake, ana bendi. Magitaa mawili, ngoma na spika moja inayokwaruza. Wanafanya mazoezi uwanjani nyuma ya nyumba yangu hapa Chechelesi, na siku hizi wanapiga wimbo wa kisima. Babu zetu waliuimba wakinywesha ng'ombe: wanaume wamesimama ndani ya kisima mmoja juu ya mwingine, wanapokezana ndoo za ngozi, na mwimbaji anaita mifugo ije.

Mwimbaji wetu alikuwa Halake wangu. Kila akimaliza mstari alivuta pumzi kwa sauti, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Pumzi hiyo naikumbuka kuliko maneno.

Sasa vijana wa mjini wanasema, "Pigeni ule wimbo wa Guyo."

Wa Guyo!

Juzi alikuja kuniomba ubeti wa mwisho, ule wa kuwaruhusu ng'ombe waondoke birikani. Halake aliutungia maneno yake mwenyewe, na Guyo wakati huo alikuwa shule ya bweni.

"Shemeji, wimbo wetu hauna mwisho. Tunazima spika tu."

"Basi endeleeni kuzima."

Wamechukua mengine yote. Hilo moja nilitaka libaki langu.

Leo mchana magitaa yalipoanza, Diimtu alikata kamba. Ndiye ng'ombe pekee ambaye ukame uliniachia. Nilimkuta amesimama mbele ya spika, masikio yameelekea mbele. Vijana walikuwa wanacheka mpaka wameshika matumbo.

"Mama, huyu tumwandike mchezaji wa bendi?" mpiga ngoma akaniuliza.

Sikucheka. Tangu Halake afariki, Diimtu haji nikimwita. Namvuta kwa kamba kila jioni. Lakini gitaa amelifuata mwenyewe.

Kisha nikaona ananusa chini ya spika, huku na huku. Alikuwa anatafuta maji. Kwetu wimbo ule hauimbwi mahali pasipo maji, maana ni kumdanganya mnyama.

"Guyo, umemwita," nikasema. "Mpe maji."

Akaacha kucheka. Alileta karai mwenyewe, akapiga magoti akilishikilia mpaka Diimtu akamaliza.

Halafu Diimtu akakataa kuondoka. Wakamvuta, wakamsukuma, wapi. Mimi nilijua anasubiri nini.

Nikawapa mgongo, nikamwimbia sikioni, polepole, ubeti wote. Akageuka akashika njia ya nyumbani.

"Shemeji, umemwambia nini?"

"Nimemwambia twende."

Guyo alisimama na karai tupu mkononi, akavuta pumzi kwa sauti, vilevile kabisa kama kaka yake. Hajui kama anafanya hivyo.

Nilitembea nyuma ya Diimtu nikifuta macho kwa leso.

Bado nina wivu, sitajidanganya. Lakini Guyo akija kesho nitampa ubeti ule. Gitaa aliache kwao, na aje na ndoo ya maji.